Kilio cha Episodi ya Tisa

Kwa miaka minne Mama Cécilia hakukata kitunguu. Jirani yake ndiye aliyemkatia, na yeye alisimama mbali, upande upepo unakotoka, mpaka kitunguu kiishie kwenye mafuta. Watu wa mtaa walimcheka. Mimi pia nilimcheka, tena mbele yake. Hakukasirika. Siku moja, tukiwa tunangoja umeme urudi, alinieleza sababu, na tangu siku hiyo niliacha kumcheka. Upumbavu mwingine sikuuacha.

Mimi naitwa Clovis. Ni fundi wa mitambo kwenye redio ndogo ya jamii hapa Kasongo. Nina ulimi mkali, mke wangu atakuthibitishia, na ninajivunia masikio yangu kuliko inavyomfaa mtu mwenye akili. Haya ninayoandika ni ya Mama Cécilia, lakini nisingeyaandika kama nisingekuwa na mkono wangu ndani yake.

Mama Cécilia ni mtu wa Kabambare. Mwanawe wa pekee, Élysée, alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Lusangi, kama vijana wote wa kule wanavyokwenda shamba likiwakatisha tamaa. Siku moja watu wenye silaha waliingia machimboni na wachimbaji wakatawanyika porini. Baadhi walirudi, na baadhi walipatikana wamekufa. Élysée hakuonekana kwa hawa wala kwa wale. Miezi miwili baadaye vita ikafika karibu na kijiji chenyewe, na Mama Cécilia akakimbilia Kasongo na majirani zake, akiwa na ungo mmoja na sufuria mbili. Kulipotulia majirani wengi walirudi. Yeye alibaki, kwa sababu Kasongo kulikuwa na redio.

Sasa sikiliza jambo la kitunguu. Katika ukoo wa marehemu mume wake, mtu ambaye mwili wake haujaonekana hafi mpaka mama yake amlilie. Mama akiisha kupaza kilio, basi, matanga yanaanza. Wanakata shina la mgomba, wanalivika shati la yule aliyepotea, wanalizika. Kitanda chake kinatolewa nje. Mke wake ananyolewa, na baada ya hapo ni mjane. Na aliyezikwa kwa mgomba, hata akitokea kesho kwa miguu yake, hana tena nyumba, hana mke, na jina lake amepewa mtoto mwingine wa ukoo. Kwa hiyo uhai wote wa Élysée, ule uliobaki, ulikuwa kwenye koo la mwanamke mmoja.

Shemeji yake, Mzee Bulaimu, alituma neno kila baada ya mavuno. Mzee huyu ni Mwislamu katika ukoo ambao nusu yake ni Wakatoliki, na hana ubaya. Ni mtu tu anayetaka mambo yaishe. Neno lake halikubadilika: "Shemeji, lia tupumzike." Na jibu lake Mama Cécilia halikubadilika pia: "Mutoto wangu iko mu njia."

Machozi ya kitunguu si kilio, hata mtoto anajua hilo. Lakini mama huyu alisema hataki mwili wake uzoee. Kwenye misiba ya wenzake alikwenda moja kwa moja jikoni, akapika bugali ya watu hamsini, asikanyage kabisa mahali pa kuomboleza. Wanawake walimwona ana roho ngumu.

Kila Jumatatu asubuhi alikuja redioni na tangazo lake. Lilikuwa la kwanza kwenye daftari, na mimi nilishazoea kuliandika kabla hajafungua mdomo: Élysée, mwana wa Cécilia, mama yako yuko Kasongo, nyumba ya tatu nyuma ya soko la muhogo. Mke wako Laetitia yuko nyumbani kwenu. Popote ulipo, njoo. Msomaji wa matangazo alilisoma mara mbili, naye Mama Cécilia akasikiliza amesimama nje ya dirisha, kana kwamba Élysée angejibu palepale.

Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye mchezo wa redio. Watu wa Kabambare waliobaki hapa mjini walikuwa wamepewa nusu saa kila Alhamisi, kwa lugha yao, Kibangubangu. Dominique, mwalimu aliyepoteza shule yake kwenye vita, akawaandikia mchezo na kuuita Njia ya Luama. Ulikuwa juu ya familia inayokimbia, mama anayeitwa Sofi na watoto wake watatu. Waigizaji walikuwa wakulima ambao kipaza sauti walikijua cha padri tu, na mara ya kwanza kila mmoja alikiinamia kama anayeungama. Wenyeji wengine wa hapa walinung'unika: wakimbizi hawa, sasa tuwasikilize mpaka nyumbani? Mimi ni mwenyeji, nawajua, walinung'unika huku wakipandisha sauti ya redio.

Jumatatu moja tulikuwa tunahangaika na mvua. Dominique alitaka mvua ya bati, na mimi nilikuwa napuliza na kupiga meza kama mwendawazimu. Mama Cécilia alikuwa mlangoni na tangazo lake, na kwenye ungo alikuwa na mpunga wa kupeta. Aliingia, akauinua ungo karibu na kipaza sauti, akauzungusha polepole, mara haraka, mara polepole. Msomaji wa matangazo alitoka nje mbio kwenda kuanua nguo zake. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwuliza kama angependa kutusaidia. Alipewa kigoda pale pembeni na kikawa chake.

Alitengeneza dunia nzima kwenye kigoda kile. Miguu kwenye matope ilikuwa bugali ya jana anayoikanda kwa ngumi. Moto ulikuwa mfuko wa plastiki mkavu, kuku aliyeshtuka ni kitambaa cha kichwa, na mto Luama ulikuwa beseni moja na mkono mmoja. Kinu kilikuwa kinu, hakukubali kukidanganya. Alikuwa na namna yake ya kutwanga majani ya sombe, mapigo mawili na la tatu kwenye ukingo, na aliniambia Élysée akiwa mdogo alilijua pigo hilo toka mtoni na kurudi nyumbani kwa kulifuata. Nikaelewa basi kwa nini kila episodi ilikuwa na mtu anayetwanga, hata zile ambazo Dominique hakuwa ameandika chakula ndani yake.

Redio yetu haifiki Kabambare. Kila Ijumaa alfajiri tuliweka episodi na tangazo la Jumatatu kwenye kle, flashi ndogo ya kompyuta, na motari mmoja wa pikipiki anayeitwa Pitchou akaishona ndani ya mkunjo wa kofia yake, akaipeleka kwa redio ya kule, iliyofunguliwa juzijuzi tu. Walirusha Jumapili, wakarudia Jumatano. Watu wa vijijini walikusanyika kumi, ishirini, kwenye redio moja. Laetitia alitupigia simu kusema kwamba anasikiliza, na kwamba anakijua kinu cha mama mkwe wake.

Episodi ya tisa ndipo mtoto mkubwa wa Sofi anapokufa. Sofi aliigizwa na Naomie, msichana mwenye sauti nzuri aliyekua kwenye kwaya, na ubaya wote ulikuwa hapo: alilia kwa sauti nzuri. Tulirekodi mara sita. Mara ya sita hata paka wa mlinzi alitoka. Dominique akavua miwani, akamgeukia Mama Cécilia.

"Mama, tunakuomba tu mara moya. Ulie kwa nafasi ya Naomie. Hakuna mutu atajua."

"Miye silii," akasema.

"Haiko kulia ya kweli, mama. Ni teatre."

"Mvua yangu ni teatre. Kilio haiko teatre."

Tungemsikiliza hapo, nisingekuwa na cha kuandika. Lakini Dominique alimbembeleza siku tatu, na mimi nikamsaidia. Nikamwambia kwamba anayelia ni Sofi, na anayeliliwa ni mtoto wa kwenye karatasi, na mtoto wa karatasi hana kaburi. Nilisema kwa ufundi sana. Nikamwambia pia kwamba watu wa Kabambare wanangoja episodi hii, na tukiwapa kilio cha kwaya watafunga redio, na wakifunga redio nani atasikia tangazo la Jumatatu, nani atasikia kinu? Neno hilo ndilo lililomwingia. Nililijua litamwingia.

Alikubali kwa sharti moja. Sauti yake iwekwe chini kabisa, chini ya mvua, chini ya kinu, chini ya watu wanaozungumza, asitambulike hata na mtu aliyelala naye nyumba moja. Nikamwapia.

Alirekodi Jumanne saa nne asubuhi. Alimtoa kila mtu isipokuwa mimi, kwa sababu bila mimi mashine haiendi. Alikaa chini, akanyoosha miguu, akafunga kitenge kiunoni kama wafanyavyo msibani. Akaanza taratibu, akimwita mtoto wa Sofi kwa jina la mchezo. Kibangubangu nakielewa nusu. Alimtaja baba yake, akataja mto, akataja njia aliyopita. Halafu akaacha kutaja majina. Sauti ilishuka mahali ambapo sijawahi kusikia sauti ya mtu ikishuka, ikapanda, na mimi nikajikuta nimeshika meza. Ilikuwa dakika nne na nusu. Alipomaliza alifuta uso kwa kitenge, akaniuliza kama imeingia. Nikasema imeingia. Akatoka bila kuaga.

Na mimi nikabaki nayo. Niliiweka chini ya mvua kama nilivyoapa, nikasikiliza, nikasikitika. Kitu kizuri kama kile kukifukia! Miaka kumi na mbili nimerekodi hotuba za wakubwa na matangazo ya mbuzi waliopotea, na siku moja nimepata kitu cha kweli, nikifukie? Nikapandisha kidogo. Nikapandisha tena. Mwisho mvua ilikuwa chini na kilio kilikuwa juu, peke yake, wazi, na mimi nikaona ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Bado naona hivyo, na ninajichukia kwa kuona hivyo.

Alhamisi ilirushwa hapa. Mama Cécilia alisikia kama kila mtu. Ijumaa asubuhi alikuja akanikuta uani.

"Clovis, uliniapia."

"Ilikuwa ndogo sana, mama, isingesikika."

"Kle iko wapi?"

Pitchou alikuwa ameondoka alfajiri. Nilipomwambia, alikaa kwenye ukuta mdogo wa maua, akakaa pale mpaka jua likamkuta. Ningeweza kupiga simu Kabambare kuwaambia wasirushe. Niliwaza kufanya hivyo. Halafu nikajiambia kwamba wale ni watu wazima, wanajua mchezo ni mchezo, nikaenda kula.

Jumatatu alikuja na tangazo lake kama kawaida. Nilikuwa nimeandika neno moja tu, Élysée, simu ikalia. Alikuwa Laetitia.

"Papa Clovis, mama iko hapo? Mumuambie watu wanakata mugomba. Kitanda wamekwisha kitoa inje. Wanasema mama alilia."

Nikampa simu. Alisikiliza, akasema, "Uwaambie wangoje. Niko nakuja." Kisha akaniangalia, na sikuhitaji kuambiwa. Niliazima pikipiki ya ndugu yangu na tukaondoka saa ileile.

Sitasema mengi juu ya barabara ile. Ilikuwa mvua ya kweli, na matope ya kweli, si ya bugali. Tulianguka mara mbili, tukalala njiani kwa watu. Alinishika kiunoni siku mbili, na nilichosikia toka kwake ni neno moja tu, kila niliposimama kupumzika: "Twende."

Tulifika Jumanne alasiri. Kifusi cha udongo kilikuwa kando ya nyumba ya Élysée, kibichi bado, na juu yake matawi ya mgomba. Kitanda kilikuwa nje kimeegemezwa ukutani. Laetitia alitoka, kichwa chake kimenyolewa, akampigia mama mkwe wake magoti. Alikuwa analia, lakini niliona jambo jingine usoni mwake, na sikutaka kuliona: alikuwa amechoka miaka minne, na sasa alikuwa anapumzika.

Nilikwenda kwa Mzee Bulaimu mbio, hata salamu sikuitoa vizuri. Nikamweleza. Ni mchezo, mzee, ni sauti ya Sofi, anamlilia mtoto aliyeandikwa na mwalimu, mimi ndiye fundi, kosa ni la mashine. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Mufundi," akasema, "siye haiko watoto. Tunajua teatre. Episodi munane tulicheka, tulikasirika, tulijua ni teatre. Ile ya tisa, muke wangu aliacha sahani ikaanguka. Hakuna mutu alituambia ni sauti ya nani, tuliijua siye wenyewe."

Akamgeukia Mama Cécilia, akashusha sauti, na ninashuhudia kwamba alimwuliza kwa upole.

"Shemeji, useme weye. Kama ulikuwa unamulilia mutoto wa mu redio, kesho nafukua huu mugomba na mikono yangu. Ulikuwa unamulilia nani?"

Nilimwomba moyoni aseme uongo. Neno moja tu lingetosha. Jina la mtoto wa mchezo alilijua, alikuwa ameanza nalo. Mama Cécilia alitazama kifusi, akatazama kitanda.

"Nilianza na mutoto wa mu redio," akasema. "Nilimaliza na wangu."

Mzee Bulaimu akainamisha kichwa. Mkeka uliletwa, na Mama Cécilia akakalishwa kwenye nafasi ya mama wa marehemu.

Kesho yake, Jumatano, tulikuwa bado pale. Uani kulikuwa na watu labda sitini. Saa tisa mtu mmoja alifungua redio, kama ilivyo kawaida saa ile, na episodi ya tisa ikarudiwa. Nilinyanyuka kuizima. Mama Cécilia akanionyesha kwa mkono nikae.

Ikaanza mvua yake. Aliketi ametulia kabisa, lakini niliona vidole vyake kwenye paja vikizungusha ungo usiokuwepo. Ikaja miguu kwenye matope, na ngumi yake ikafunguka na kufunga. Ikaja kinu, mapigo mawili na la tatu kwenye ukingo. Mtoto mmoja wa jirani aligeuka kutazama anayetwanga ni nani. Halafu kikaja kilio, juu, wazi, kama nilivyokiweka, na wanawake wote wa uani wakakipokea. Walilia nacho dakika nne na nusu, wakimjibu mama wa marehemu kama inavyotakiwa. Mwenyewe hakulia. Alikaa katikati yao macho makavu akijisikiliza, na kilio kilipofika mahali pale kinaposhuka, aliniinamia sikioni.

"Hapa," akasema. "Ni hapa nilimuachilia."

Tulirudi Kasongo Jumamosi. Njiani nilijaribu kuomba msamaha mara tatu, na mara zote pikipiki ilikuwa na kelele, au nilijifanya ina kelele. Jumatatu nilifungua daftari la matangazo na mstari wa kwanza nikauacha wazi. Saa mbili ikapita, saa tatu. Msomaji alianza na tangazo la baiskeli iliyopotea. Saa nne nilitoka, nikaenda nyumba ya tatu nyuma ya soko la muhogo.

Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, bakuli kati ya magoti, kisu mkononi. Alikuwa anakata vitunguu. Alikuwa amevikata vingi kuliko chakula cha mtu mmoja, na macho yake yalikuwa mekundu, yanamwagika mpaka kidevuni, wala hakuyafuta. Jirani yake alikuwa amesimama mlangoni hana kazi.

"Karibu, Clovis," akasema bila kusimamisha kisu. "Episodi ya kumi inataka nini?"

Nikamwambia inataka mvua na watu wanaotembea.

"Na kinu?"

Nikasema Dominique hakuandika kinu.

"Basi, kinu hapana," akasema, akachukua kitunguu kingine.